Uzito wa hitilafu kwenye mkataba wa mfumo: maswali ya SACCOS, zahanati na wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaolipia mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine: mameneja wa SACCOS za Mbozi na Rungwe, wenye zahanati na maduka ya dawa Mbeya mjini, mawakala wa tiketi za mabasi Iringa, wahasibu wa shule za bweni Njombe. Wengi huuliza baada ya mfumo kugoma na fundi kuwaambia "hilo ni tatizo dogo". Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Mkataba wa fedha nyingi upelekeni kwa wakili hata hivyo, ila mfike kwake mkijua mnachotaka.

Kiwango cha uzito ni kitu gani hasa?

Ni daraja ambalo hitilafu hupewa mara tu inaporipotiwa. Daraja hilo ndilo linalosema fundi aitikie ndani ya muda gani, amalize ndani ya muda gani, na akichelewa akatwe kiasi gani. Pasipo daraja, printa isiyotoa risiti na mfumo mzima uliozima vinapanga foleni moja kumsubiri fundi yule yule.

Mikataba mingi tunayoonyeshwa ina sentensi moja tu juu ya jambo hili: "Mtoa huduma atashughulikia hitilafu kwa haraka." Haraka ya nani? Ya keshia mwenye wanachama waliojaa hadi barazani ni kabla ya saa nne. Ya fundi mwenye wateja kuanzia Makambako hadi Tunduma ni wiki hii.

Tuweke viwango vingapi?

Vitatu vinatosha. Vinne kama mna matawi kadhaa na mtu wenu wa TEHAMA. Mkifika vitano mtakuwa mnabishana juu ya namba huku wanachama wakisubiri.

Maelezo ya kila kiwango yaandikweje?

Anzeni na kazi iliyosimama, kifaa kilichoharibika kije baadaye. "Seva imezima" ni habari ya fundi. Habari yenu ni kwamba mwanachama ameshindwa kutoa fedha yake, daktari hapati majibu ya maabara, au kiti kimoja cha basi la alfajiri kimeuzwa kwa abiria wawili. Maelezo yakianzia hapo, hata karani aliyeajiriwa juzi ataweza kupanga kiwango bila kumpigia mtu simu.

Kwa SACCOS, kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Kiwango cha Kwanza ni hitilafu inayosababisha lolote kati ya haya: (a) wanachama kushindwa kuweka au kutoa fedha katika tawi lolote kwa zaidi ya dakika 30 ndani ya saa za kazi, (b) salio la mwanachama yeyote kutolingana na miamala yake, (c) mtu asiye na ruhusa kuona, kubadili au kuchukua taarifa za wanachama, (d) kumbukumbu za miamala kupotea."

Kipengele (b) ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, nasi tunaking'ang'ania. Mfumo unafanya kazi, skrini inang'aa, ila rejesho la mwanachama mmoja limekatwa mara mbili. Fundi ataliita tatizo la ripoti na kulipeleka mwisho wa orodha. Kwa maoni yetu salio baya ni zito kuliko mfumo uliozima. Mfumo uliozima kila mtu anaujua, na makeshia wanarudi kwenye daftari. Salio baya halijitangazi. Riba inakokotolewa juu yake, ripoti ya mwezi inajengwa juu yake, na likigunduliwa baada ya miezi mitatu mtakuwa mnafumua hesabu za chama kizima, na mwanachama yule ameshawaambia majirani zake wote kuwa SACCOS inaiba.

Kwa zahanati ongezeni (e): hatari kwa afya au maisha ya mtu. Majibu ya maabara kutokea kwenye faili la mgonjwa mwingine ni Kiwango cha Kwanza hata kama yametokea mara moja na mgonjwa hakudhurika. Msikubali lugha ya "zaidi ya wagonjwa kumi" hapa.

Kiwango cha Pili kibaki kwa kazi inayoendelea kwa taabu: ripoti hazitoki lakini miamala inapita, uhakiki wa kadi za bima unafanyika kwa simu badala ya mfumo, mfumo unachukua dakika tano kufungua akaunti ya mtu mmoja. Kiwango cha Tatu ni yote yaliyobaki, kuanzia herufi zilizokosewa kwenye risiti hadi maombi ya kubadili rangi ya kitufe.

Maneno "kubwa", "muhimu" na "ya kawaida" yaondoeni kabisa. Yanapendeza siku ya kusaini, siku ya ugomvi kila upande unayasoma kivyake.

Mtoa huduma amependekeza "zaidi ya asilimia 50 ya watumiaji waathirike". Kuna ubaya?

Upo. Chukulieni chama chenye watumiaji 30 wa mfumo, wengi wao makao makuu Mbeya, na tawi la Tukuyu lina makeshia wawili. Tawi la Tukuyu likifungwa siku nzima, walioathirika hawafiki asilimia 7. Kwa mkataba huo hilo ni tatizo dogo. Hesabuni kwa tawi, kwa kituo au kwa huduma. Hesabu ya vichwa vya watumiaji huwapendelea waliokaa makao makuu.

Hitilafu ile ile inaweza kuwa nzito leo na nyepesi wiki ijayo?

Inaweza, na mkataba useme hivyo. Mwongozo wa ITIL wa kusimamia huduma za TEHAMA, ulioanzia serikalini Uingereza miaka ya 1980 na ambao watoa huduma wengi huutaja, hupima mambo mawili: athari, yaani wangapi wameumia na kwa kiasi gani, na uharaka, yaani madhara yanakua kwa kasi gani mkisubiri. Huku kwetu uharaka unafuata kalenda ya shamba. Printa ya risiti ikifa mwezi Machi katika chama cha wakulima wa kahawa Mbozi, andikeni kwa mkono. Ikifa siku malipo ya kahawa yanaingia na watu wametoka vijijini na bodaboda tangu alfajiri, hilo ni jambo jingine. Shule ya bweni ina wiki ya kufungua Januari. Wauza pembejeo wana majuma yale kabla mvua hazijashika, kuanzia Oktoba na Novemba. Kwenye chai, inayochumwa karibu mwaka mzima Rungwe na Mufindi, siku nzito ni ile ya malipo tu.

Njia rahisi ni kuambatisha kalenda. Tajeni siku zenu nzito kwenye kiambatisho, kisha mwandike: "Hitilafu ya Kiwango cha Pili ikitokea katika siku zilizotajwa kwenye Kiambatisho B itahesabiwa kuwa ya Kiwango cha Kwanza." Kalenda ipitiwe upya kila mwaka, kwa sababu bei na mvua havisaini mkataba na mtu. Mtoa huduma atataka siku hizo ziwe chache. Ana haki. Mkijaza siku 200 kwenye kiambatisho, atapandisha bei au atasaini akijua hatatimiza.

Nani anaamua kiwango: sisi au mtoa huduma?

Hapa ndipo mikataba mingi inapovunjikia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mkimwachia mtoa huduma peke yake, kila kitu kitakuwa Kiwango cha Tatu. Si lazima awe mtu mbaya. Anaona seva zake ziko salama, haoni foleni yenu, na kila anapokubali Kiwango cha Kwanza anajifungia saa ya kukatwa fedha. Mkijiachia nyinyi peke yenu, kila kitu kitakuwa Kiwango cha Kwanza. Hilo tumeliona pia: meneja anaripoti neno la siri alilosahau kama dharura, na fundi anaamshwa saa nane usiku. Akifanyiwa hivyo mara tatu, ya nne hapokei, na ya nne ndiyo ya kweli.

Tunashauri kiwango cha kuanzia kipangwe na mteja, na kazi ianze mara moja kwa kiwango hicho. Zahanati humpokea anayevuja damu kwanza, kadi inaandikwa baadaye. Mtoa huduma asiyekubaliana anaandika pingamizi lake wakati huo huo, lakini hasimamishi kazi. Baada ya hitilafu kwisha, pande mbili zinakaa ndani ya siku tano za kazi, zinaangalia kumbukumbu, na kuthibitisha au kusahihisha kiwango. Makato yanafuata kiwango kilichothibitishwa.

Kifungu chenyewe: "Kutokubaliana juu ya kiwango hakutasimamisha wala kuchelewesha urekebishaji. Kiwango kilichopangwa na Mteja kitatumika hadi kitakapobadilishwa kwa makubaliano ya maandishi au kwa mapitio yaliyotajwa katika kifungu hiki."

Ili mteja naye asitumie vibaya, tajeni kwa cheo ni nani tu anaweza kutangaza Kiwango cha Kwanza, mathalani meneja, kaimu wake au mkuu wa zamu. Wekeni pia gharama ya uzushi: dharura zikithibitika kuwa si dharura zaidi ya mara mbili ndani ya miezi mitatu, mteja analipia saa za fundi za zile zilizozidi. Bodi nyingi hukunja uso zikisikia hivyo. Lakini ndicho kipengele kinachomfanya mtoa huduma akubali mengine yote.

Wakishusha kiwango kimya kimya kwenye tiketi yao, yaani kumbukumbu ya hitilafu wanayoifungua mkiripoti?

Andikeni kwamba kiwango hakibadiliki bila ujumbe wa maandishi unaoeleza sababu, uliotumwa kwa mtu aliyeripoti. Badiliko lisilo na ujumbe lihesabiwe halikufanyika.

Saa inaanza kuhesabika lini?

Tangu ujumbe unapotumwa kwa njia iliyokubaliwa, hata kama fundi amechelewa kuusoma. Tajeni njia yenyewe: namba moja ya simu, barua pepe moja, na kundi la WhatsApp kama mnalitumia. Anayeripoti kwa simu ya sauti afuatishe ujumbe mfupi. Ujumbe mzuri wa kuripoti hauna maneno mengi: "Tawi la Tukuyu. Saa 3:10 asubuhi. Makeshia wote wawili hawawezi kutoa fedha, skrini inaandika 'muda umeisha'. Wanachama wapo. Kiwango cha Kwanza. Nimetangaza mimi, kaimu meneja." Linganisheni na ule tunaoonyeshwa mara nyingi: "Fundi mambo, mfumo wenu umeanza tena." Siku ya mapitio ujumbe huo wa pili hausemi tawi lipi, saa ngapi, wala nini kilishindikana.

Kuna mtego wa saa zenyewe. Mkataba ukisema "kuanzia saa 2 hadi saa 11" bila asubuhi na jioni, na kiambatisho cha mtoa huduma kinaandika 08:00 na 17:00, mmeshajitengenezea ubishi. Andikeni zote mbili: saa 2:00 asubuhi (08:00) hadi saa 11:00 jioni (17:00). Kiwango cha Kwanza kihesabiwe kwa saa za ukutani, usiku na sikukuu zikiwemo. Vingine vihesabiwe kwa saa za kazi, na mseme wazi kama Jumamosi ni siku ya kazi. Kwa SACCOS iliyo karibu na soko kama Mwanjelwa, Jumamosi ni siku ya kazi kuliko Jumatatu.

Tofauti ya kuitikia na kurekebisha ni ipi?

Kuitikia ni fundi mwenye ujuzi kuanza kazi na kuwaambia ameona nini. Ujumbe wa mashine unaosema "tumepokea ombi lako" si kuitikia, na mkataba useme hivyo. Kurekebisha ni kazi iliyosimama kurudi. Kati yake pana njia mbadala: hitilafu haijaisha lakini kazi inasonga, kwa mfano miamala inaingizwa kupitia tawi jingine.

Watoa huduma hupenda njia mbadala isimamishe saa. Kubalini kwa masharti: mteja aridhie kwa maandishi kuwa kazi inasonga, na hitilafu ishuke hadi Kiwango cha Pili badala ya kufungwa. Vinginevyo njia mbadala ya Jumatatu mtaikuta bado ipo sikukuu ya Nanenane.

Kwa taasisi za ukubwa huu, muda unaozungumzika kwa Kiwango cha Kwanza ni dakika 30 hadi saa moja kuitikia, na saa nne hadi nane kurekebisha au kutoa njia mbadala. Mkitaka chini ya hapo, ulizeni bei kwanza.

Fundi wetu yuko Dar es Salaam. Muda wa kufika uandikwe?

Uandikwe, tena peke yake. Dar hadi Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na lori moja likilala vibaya kwenye mlima Kitonga, hesabu zote za saa zinakwisha. Ndege ya uwanja wa Songwe, Mbeya, nayo haiji kila mkitaka. Kwa hiyo tenganisheni hitilafu za kurekebishwa kwa mbali, ambazo ni nyingi, na zile zinazohitaji mkono. Kwa hizi za pili dai la maana ni vipuri kukaa huku: rauta moja ya akiba, diski moja, chaja ya betri, vikiwa ofisini kwenu na orodha yake ikiwa kwenye mkataba, pamoja na fundi wa Mbeya au Iringa aliyetajwa kuwa wakala wa mtoa huduma. Kumdai mtu wa Dar afike Tunduma ndani ya saa nne ni kuandika kifungu ambacho wote wawili mnajua ni cha uongo.

Wanatuahidi mfumo kuwa hewani asilimia 99.5. Si inatosha?

Pigeni hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia 99.5 inaruhusu mfumo kulala saa 3 na dakika 36 kwa mwezi. Asilimia 99 inaruhusu saa 7 na dakika 12, na asilimia 99.9 dakika 43 hivi. Sasa saa hizo tatu na nusu zikiangukia zote asubuhi ya siku ya malipo, ahadi imetimizwa na nyinyi mmeumia. Asilimia hupima mwezi mzima, kiwango cha uzito hupima tukio moja. Mnahitaji vyote viwili. Angalieni pia kama asilimia inahesabiwa kwa mwezi au kwa mwaka: asilimia 99 kwa mwaka ni zaidi ya saa 87, na hakuna kinachozuia zitumike zote wiki moja.

Umeme ukikatika au intaneti ikipotea, inahesabika?

Inategemea hitilafu iko upande gani wa waya. Umeme ukikatika ofisini kwenu ni mzigo wenu. Ukikatika zilipo seva zake, ni mzigo wake, kwa sababu jenereta na betri ni sehemu ya huduma anayowauzia. Msikubali maneno matupu "hitilafu za umeme na mtandao hazihesabiwi".

Intaneti ina somo la karibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikakosa intaneti au zikapata ya kubahatisha. Hakuna mtoa huduma wa Mbeya aliyesababisha hilo. Lakini wale ambao seva yao iko ndani ya nchi na wale ambao seva yao iko Ulaya hawakuumia sawa. Ndiyo maana swali la seva iko wapi, na makeshia wanaweza kufanya kazi bila intaneti kwa saa ngapi, ni la kuuliza kabla ya kusaini. Msamaha wa majanga uandikwe, ila uambatane na wajibu: mtoa huduma aripoti, aoneshe kuwa hitilafu haikuwa mikononi mwake, na atumie njia mbadala aliyoiahidi. Hitilafu ibaki na kiwango chake hata kama makato yamesamehewa. Kusamehe makato hakumpi ruhusa ya kulala.

Kosa la msambazaji wake ni jambo tofauti. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, mashirika ya ndege na hospitali zikiwemo. Mtoa huduma wenu akisema "si sisi, ni programu tuliyoinunua", jibu liwe kwenye mkataba tayari: aliyechagua programu hiyo anabeba uzito wake mbele ya mteja, kisha wamalizane wenyewe.

Mfumo unafanya kazi vizuri, ila taarifa za wanachama zimevuja. Ni kiwango gani?

Cha Kwanza, saa yoyote, hata kama ni mwanachama mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawahesabu nyinyi kuwa mkusanyaji wa taarifa na mtoa huduma kuwa mchakataji. Uvunjaji wa usalama wa taarifa hizo unapaswa kuripotiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Hamwezi kuripoti msichokijua, kwa hiyo mkataba umbane mtoa huduma awaambie ndani ya saa chache tangu aliposhuku. "Alipothibitisha" ni neno la kulikataa, maana uthibitisho unaweza kuchukua mwezi. Marekebisho hapa yana maana nyingine pia: asifute kumbukumbu za mfumo katika kuharakisha kuurudisha hewani, kwa sababu ndizo zitakazoonyesha nani aliingia.

Wametuletea ripoti ya "udhaifu wenye alama 9.8". Ni Kiwango cha Kwanza?

Alama hiyo ni ya CVSS, kipimo cha 0 hadi 10 cha ukali wa udhaifu wa programu, na 9.0 kwenda juu huitwa hatari kabisa. Inapima mlango usiofungika vizuri, haisemi kama mwizi ameingia. Wekeeni udhaifu jedwali lake: alama 9.0 na zaidi kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, kiwekwe ndani ya siku kadhaa mtakazokubaliana, na mara dalili za mtu kuutumia zinapoonekana unahamia Kiwango cha Kwanza.

Tunaweza kuweka faini ya milioni moja kwa kila saa?

Kuandika mnaweza. Kuipata ni habari nyingine. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kiasi kilichotajwa kwenye mkataba ni kikomo cha juu. Mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi hapo, na mdai halazimiki kuthibitisha hasara halisi. Faini ya milioni kwa saa kwenye huduma ya laki tatu kwa mwezi haina sura ya fidia ya haki.

Punguzo la ada hufanya kazi vizuri zaidi kwa sababu mnalikata wenyewe kwenye ankara: asilimia fulani ya ada ya mwezi kwa kila saa iliyozidi muda wa Kiwango cha Kwanza, hadi kikomo. Kisha wekeni haki ya kuvunja mkataba, kwa mfano hitilafu tatu za Kiwango cha Kwanza zilizopita muda ndani ya miezi sita. Mtoa huduma huogopa kumpoteza mteja kuliko kukatwa elfu sabini.

Kuna faida nyingine ya maelezo mazuri ya viwango ambayo watu hawaioni. Kifungu cha 73 cha sheria hiyo hiyo kinatoa fidia kwa hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji, au ambayo pande zote zilijua wakati wa kusaini kuwa inaweza kutokea. Mkataba ukisema wazi kuwa mfumo ukizima siku ya malipo wanachama hawapati fedha, mtoa huduma hawezi kusimama baadaye na kusema hakujua. Ila sheria hutazama pia njia mlizokuwa nazo za kupunguza madhara. Mwenye daftari la dharura kabatini asiyelitumia atakuwa na kesi dhaifu.

Hitilafu ndogo ile ile inarudi kila Ijumaa. Kila mara wanaifunga ndani ya muda.

Wekeni kipengele cha marudio: hitilafu yenye chanzo kimoja ikitokea mara tatu ndani ya siku 30 inapanda kiwango kimoja, na mtoa huduma anatoa maelezo ya chanzo kwa maandishi.

Ujumbe wa WhatsApp unakubalika kama ushahidi?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, mradi muweze kuonyesha zimetoka wapi na hazikuchezewa. Hamisheni mazungumzo kila mwezi na kuyahifadhi nje ya simu ya mtu mmoja. Meneja akihama na simu yake, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba uwe wa Kiingereza au Kiswahili?

Lugha yoyote ambayo makeshia wataisoma. Mkiwa na nakala mbili, andikeni ipi inatawala.

Sisi ni shule ya serikali. Haya yanatuhusu?

Kanuni za kupanga uzito zinawahusu, ila ununuzi wenu uko chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, na mikataba ina vielelezo vyake. Viwango viingie mapema kwenye nyaraka za zabuni. Mkivileta siku ya kusaini mtaambiwa mmechelewa, na ni kweli.

Tumeshasaini, na mkataba hauna hata mstari mmoja wa viwango.

Ombeni nyongeza ya mkataba, isainiwe na wale wale wenye mamlaka waliosaini wa kwanza. Wakati mzuri ni miezi miwili au mitatu kabla ya kuhuisha, mtoa huduma anapotaka uhakika wa mwaka ujao. Nendeni na kurasa tatu tu: maelezo ya viwango, kalenda ya siku nzito, na orodha ya hitilafu za mwaka uliopita zikiwa na tarehe, saa ziliporipotiwa na saa zilipokwisha. Orodha hiyo ndiyo inayofungua mazungumzo. Kama hamkuwahi kuiweka, anzeni leo kwenye daftari la kawaida pale kwenye meza ya keshia, safu tano: tarehe, saa ya kuripoti, kazi iliyosimama, jina la fundi, saa ya kupona.